Ramani za Zamani za Vilima Vyetu si Ramani za Hazina

Tangu ramani za zamani za topografia, yaani za sura ya ardhi, zianze kupigwa picha na kusambazwa kwenye simu, Malindi imepata dalali wa aina mpya. Dalali wa zamani alikuwa na bonge la funguo na namba ya mwenye kiwanja. Huyu wa sasa ana picha ya karatasi iliyochakaa mikunjo, yenye mistari ya kahawia iliyojizungusha kama alama za kidole gumba, na juu yake amechora duara jekundu. Ndani ya duara pana alama ndogo ya mgodi. "Wazungu walijua," anakwambia, na chai haijapoa amekwisha kukutajia bei ya ekari kumi huko bara, upande wa Ganze. Nimeletewa picha za namna hiyo na watu wanne tofauti, wote wakitaka nizithibitishe kwa kuwa niliwahi kusoma jiografia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Wanaozisoma karatasi hizi kama ramani za hazina wanazisoma kinyumenyume. Alama ya mgodi wa zamani haisemi kwamba chini pana mali. Inasema kwamba mtu alichimba hapo, akaacha, na shimo huenda bado liko wazi. Ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha na ya hatari iliyosalia, na kwa sababu hiyohiyo karatasi hizi zinatufaa kuliko wanavyodhani hata wale wanaozipigia debe. Faida yake iko kwenye usalama wa watu na mifugo, kwenye maji ya visima, na kwenye majina ya mahali. Kwenye bei ya ekari haina faida yoyote, na wala haihitaji mtaalamu wa madini kuliona hilo: Katiba ya 2010 inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inayaweka mikononi mwa Jamhuri kwa niaba ya wananchi. Anayenunua ekari kumi kwa dalali ananunua udongo wa kupandia mihogo. Kilicho chini kinahitaji leseni ambayo dalali hana na hawezi kuuza.

Ni vizuri kujua karatasi yenyewe ilitoka wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, ambayo 1957 ilibadilishwa jina ikaitwa ya upimaji wa ng'ambo. Ndege zilipita zikipiga picha zinazopandana, moja ikila ukingo wa nyingine. Wapima wakapanda vilimani kusimika bikoni, yaani nguzo za alama, na kupima vituo vya kuzishika picha hizo mahali pake. Kisha wachoraji waliokaa Tolworth, pembeni mwa London, wakazitazama picha mbilimbili kwenye mashine mpaka kilima kikainuka mbele ya macho yao, nao wakakifuatisha kwa kalamu. Zilizotoka ni karatasi za kipimo cha 1:50,000: sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi, na karatasi moja hufunika takriban kilomita 28 kila upande. Ule mstari wa kahawia ni kontua, unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikibanana mteremko ni mkali, ikiachana ni tambarare. Pembetatu ndogo yenye namba kando yake ni bikoni ya wapima, na ile namba ni kimo chake. Baada ya uhuru kazi iliendelezwa na Idara ya Upimaji ya Kenya, na hadi leo anayetaka karatasi halisi huifuata Ruaraka, Nairobi.

Mchoraji wa Tolworth hakuwahi kutia mguu Ganze. Aliona vichaka, vijia na mapaa. Kontua zikipishana kwa mita 20, shimo la mita 15 hupotea katikati ya mstari na mstari. Mdomo wa shimo wenye upana wa mita mbili, kwa kipimo cha 1:50,000, ungekuwa nukta isiyofika hata sehemu ya ishirini ya milimita. Kwa hiyo alama ya mgodi haikutoka angani. Iliingia kwa sababu mtu aliyetembea ardhini, au afisa fulani ofisini, alisema hapa pana mgodi, au palikuwa na mgodi. Ni habari ya kusikia iliyopewa alama ya wino. Inaweza kuwa kweli tupu, lakini haijui shimo lina kina gani, lilichimbwa mwaka gani wala lilitoa nini.

Kuna na tatizo jingine ambalo madalali hawalijui, na nililijua mimi mwenyewe kwa aibu. Mwaka juzi nilifuatana na jamaa yangu mmoja kwenda kutafuta alama kama hiyo. Alikuwa amesoma namba za gridi kwenye picha ya ramani vizuri kabisa, akaziingiza kwenye simu, na simu ikatufikisha katikati ya mihogo. Mwenye shamba, mzee mwenye kikoi na panga, akatujia taratibu. "Mwatafuta nini kwenye mihogo yangu, wanangu?" Tukamwamkia, jamaa yangu akamnyooshea simu. Mzee hakuitazama. "Hilo shimo? Liko kule chini, nyuma ya ule mkwaju. Si shamba langu lile." Tulihesabu hatua, zikapita mia tatu. Mdomo wa shimo ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba, na matawi mengine yalikuwa bado mabichi, kwa hiyo mtu alikuwa na kazi ya kuyabadilisha. Mbuzi wawili walishatumbukia, alituambia mzee, na wa pili alilia siku nzima.

Simu haikuwa imeharibika. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu zetu zinatumia msingi wa dunia nzima uitwao WGS84. Kila mmoja unaikadiria dunia kwa umbo na kitovu tofauti kidogo. Ukichukua namba za mmoja ukazitia kwenye mwingine bila kuzigeuza, kwa huku kwetu unatupwa kiasi cha mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini. Programu za ramani zinaweza kugeuza kwa sekunde moja, mradi anayezitumia ajue kwamba panahitajika kugeuzwa. Mita 300 bara ya Malindi ni shamba la mtu mwingine, pengine la ukoo mwingine, na najua kesi za mipaka zilizoanza kwa umbali mdogo kuliko huo.

Tuseme basi mtu amelifikia shimo lenyewe. Atakuta nini? Kwenye ukanda huu wa vilima, madini yanayojulikana na wanajiolojia kwa miaka mingi ni risasi, zinki na baraiti. Vitengeni inatajwa kwa risasi na baraiti. Kusini zaidi, upande wa Mazeras, Kinangoni palikuwa na mgodi wa risasi yenye fedha kidogo ndani yake. Risasi hutoka ardhini kama galena, jiwe zito mno, linalovunjika kwa pembe za mraba na kumeta kama sarafu mpya. Nimeshaona kipande chake kikipitishwa mkono kwa mkono barazani na kuitwa fedha, na kila aliyekipima uzito kiganjani alikubali. Uzito huo ni wa risasi. Baraiti nayo ni jiwe jeupe au la kijivu, zito pia, na mnunuzi wake mkubwa duniani ni mchimba mafuta, anayelisaga na kulichanganya na tope ili lizuie mgandamizo wa kisima kinapotobolewa. Ni biashara ya tani kwa tani, ya malori na bandari. Si biashara ya kufukia kitu shambani na kumwachia mjukuu.

Hoja inayosikika zaidi vijiweni ni kwamba wakoloni waligundua utajiri wakauficha, wakafunga migodi makusudi wakisubiri kurudi. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara ya jiolojia ambayo kazi yake ilikuwa kuchapisha. Ripoti ya jiolojia ya eneo la Malindi ilitoka 1956, na ya eneo la Kilifi na Mazeras ilitoka mwaka huohuo, zikiwa na ramani za rangi, zikauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Nia ilikuwa kuvutia wawekezaji, na anayetafuta mwekezaji hafichi. Migodi midogo ya risasi hufungwa kwa hesabu za kawaida: mwamba wenye madini unakonda, maji yanajaa kuliko pampu inavyoweza kutoa, bei ya risasi inashuka, gharama ya kufika bandarini inapanda. Hata hivyo sitaitupa hoja hii yote. Ripoti hizo zilikuwa zimefichwa kwa namna nyingine. Ziliandikwa Kiingereza, zikawekwa Nairobi, na watu wa vilima hivyo, ambao 1914 walikuwa wamepigwa na kufukuzwa kutoka kaskazini ya mto Sabaki kwa kukataa amri za Mwingereza, hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Mtu aliyenyimwa habari kwa miaka hiyo yote ana haki ya kushuku. Anakosea tu kuhusu kilichofichwa.

Wengine, na hawa wengi ni vijana waliosoma, wananiambia karatasi hizo ni takataka, kwamba setilaiti imeona kila kitu. Hawa wana uzito zaidi. Barabara za ramani ya zamani zimehama, vijiji vimekufa na vingine vimezaliwa, na anayetafuta shule au zahanati kwenye karatasi ya miaka ya 1960 atapotea. Ila setilaiti nayo huona kinachoonekana. Data ya vimo inayotumiwa zaidi duniani ilipimwa na chombo cha angani cha Marekani Februari 2000, na kila kipande chake kina upana wa mita 30; mdomo wa shimo la mita mbili humezwa humo kama unavyomezwa na kontua. Picha kali za sasa zitaonyesha mti wa mkwaju, hazitaonyesha kilicho chini ya matawi ya miiba. Na hakuna setilaiti inayojua jina. Mlima ambao wenyeji wanauita Mwangea, ramani nyingi za zamani zimeuandika Mangea. Kosa dogo la sikio la mgeni, lakini ukiutafuta mlima huo leo kwenye kumbukumbu kwa jina moja tu unakosa nusu ya karatasi. Majina ya vijito na vichuguu ambayo wazee wanayakumbuka, na ambayo mpimaji aliyaandika vibaya, ndiyo kamba pekee inayofunga simulizi ya mzee na sehemu halisi kwenye ardhi.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka kwa wazee wenyewe: nyamazeni. Ukiweka alama za migodi hadharani, wanasema, unawaita wanyakuzi, na kesho utasikia hati ya shamba imetoka kwa jina la mtu wa mbali. Kwa pwani yetu, yenye ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani, maskwota na hati zinazoota usiku, siwezi kuwaambia wanaota. Lakini tazama Mrima, kule Kwale. Kilima hicho chenye msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Mijikenda, kilichunguzwa tangu miaka ya 1950 kwa ajili ya niobiamu. Mwaka 2013 kampuni iliyokuwa na leseni ilitangaza kwamba madini yake yana thamani ya dola bilioni 62.4, na mwaka huohuo serikali ikaifuta leseni. Kampuni ilipeleka shauri kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Oktoba 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilikuwa imetolewa bila kufuata sheria za kulinda mazingira na eneo lililohifadhiwa. Mrima haikulindwa na ukimya. Dunia nzima ilishajua kilichomo. Ilisaidiwa na makaratasi: mpaka wa msitu uliotangazwa, kaya iliyoandikishwa kuwa turathi ya taifa, vitu ambavyo wakili anaweza kuviweka mezani.

Ukimya, kwa upande mwingine, haugawanyiki sawa. Dalali wetu tayari ana picha. Kampuni ina ripoti ya 1956 na ramani ya leseni za madini iliyo kwenye mtandao wa wizara. Anayebaki gizani ni mwenye mihogo. Hapo ndipo ninapoachana na wazee, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wana haki nalo kabisa. Mahali pa mizimu, makaburi na mapango ya kaya pasitiwe alama ya nukta kwenye ramani ya kila mtu. Mpaka wa msitu mzima unatosha kulinda. Nukta ya pango inamwongoza mwizi wa vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, na Mijikenda wameshaibiwa vigango vya kutosha hadi vingine vikapatikana kwenye makumbusho ya Marekani.

Wanaodhani kwamba ramani nzuri peke yake inatosha wangejifunza kwa Wamarekani, ambao idara yao ya jiolojia iliundwa 1879 na ambao ramani zao za zamani za topografia unaweza kuzipakua bure. Milima ya San Juan, huko Colorado, ilichimbwa fedha na dhahabu tangu karne ya 19, na kila bonde lake limechorwa na kuchorwa tena. Hata hivyo, tarehe 5 Agosti 2015, karibu na mji wa Silverton, mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya idara ya mazingira ya serikali walichokora mdomo wa mgodi wa Gold King uliokwisha kuachwa, wakiwa wamekosea kukadiria maji yaliyokuwa ndani. Yakamwagika kama lita milioni 11, na mto Animas ukageuka rangi ya chungwa. Miaka 13 kabla, Julai 2002, huko Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji wa makaa ya mawe walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji kwa sababu mchoro waliokuwa nao haukuonyesha mwisho halisi wa mgodi huo. Tisa walikwama chini zaidi ya saa 77, na wote wakatolewa hai. Ramani ya topografia inaonyesha ngozi ya mlima. Matumbo yake yako kwenye mchoro mwingine, wa njia za chini kwa chini, ambao mwenye mgodi huchora na mara nyingi huondoka nao.

Kwa Kilifi, kaunti yetu, hilo lina maana moja ya karibu sana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, uliojengwa juu ya data ya ramani ya kompyuta. Kwenye tabaka za mpango huo, pamoja na barabara na shule, yangefaa kuwekwa mashimo yote ya zamani: yatolewe kwenye karatasi za 1:50,000 na ripoti za jiolojia, vipimo vigeuzwe kutoka Arc 1960, kisha mtu aende kwa miguu na mzee wa mahali hapo kuhakikisha kila moja. Kazi hiyo haihitaji ndege wala mfadhili. Ni wiki kadhaa za pikipiki na daftari. Baada ya hapo udongo na visima vilivyo chini ya mteremko vipimwe risasi. Wapwani hatuna udhuru wa kutojua risasi inafanya nini kwenye damu ya mtoto: kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako mahakama mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ilitokana na moshi na maji ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994, na vumbi lake linaendelea kuingia kwenye miili ya watoto waliozaliwa baadaye. Mashimo yetu ni madogo kuliko Kabwe, tena sana. Hiyo inafanya gharama ya kupima iwe ndogo, haifanyi kupima kusiwe na haja.

Swali la nani alipe lina jibu gumu. Sheria ya 2016 inamtaka mwenye leseni mpya aweke dhamana ya kuyarekebisha mazingira, na inagawa mrabaha hivi: kwa kila shilingi 100, 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi hapo. Mashimo ya zamani hayana mrabaha wala dhamana. Wenyewe walikwisha kufa au kampuni zilifungwa. Ila kama madini ni ya Jamhuri, na mwenye shamba haruhusiwi kuyagusa bila leseni, basi na shimo lililoachwa na madini hayo ni la Jamhuri. Mzee wa mkwaju hawezi kunyimwa galena na wakati huohuo akaachiwa kazi ya kukata miiba ya kuzibia.

Wiki iliyopita dalali amenitumia picha nyingine, ya karatasi ya kaskazini ya Sabaki. Duara jekundu tayari, na chini yake ameandika bei. Nimeikuza mpaka ikafifia. Ndani ya duara hamna alama ya mgodi. Mna pembetatu ndogo, na kando yake namba ya kimo.